Mafuta ya Kanengo

Mtoto aliacha kulia, na sisi wote mle ndani tukasema, ah, sasa amepata joto. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, saa zile ambazo jua la Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi huku Malawi, linawaka bila kupasha kitu, upepo unapiga mabati na vumbi linaingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Tulikuwa tumekuja kumwona mzazi, wanawake wa kiwandani karibu wote, na nyumba ya Furaha ilikuwa ndogo kiasi kwamba wengine walikaa juu ya magunia mlangoni. Furaha alikuwa ametoka kumwogesha mwanawe, Shukuru, mbele yetu, katika beseni ya bluu karibu na mbaula, jiko la makaa. Akampaka mafuta kama tunavyofanya sisi wa kule Maziwa Makuu, bila haraka: kwanza kichwa, akivuta pua kidogo isije ikalala, kisha mabega, akakunja mikono na kuikunjua, akashuka mgongoni, mapajani, mpaka katikati ya vidole vya miguu. Mama Riziki alikuwa anaimba na kupiga makofi. Mtoto aling'aa kama chungu kipya. Furaha akamfunga kwenye blanketi, akamlaza karibu na moto, akatugeukia sisi na sahani ya viazi. Tulikuwa bado tunacheka jambo fulani alilosema Mama Riziki juu ya mume wake wakati Furaha alipofunua blanketi na kusema, "Mbona anatoka jasho hivi?" Nilikuwa karibu, nikamchukua. Alikuwa amelowa kama nguo iliyotoka kufuliwa. Mate yalikuwa yanamtoka bila kukoma, rangi ya midomo ilikuwa imehama, na miguu yake ilirukaruka mikononi mwangu kwa namna ambayo mtoto hachezi. Kisha ikaacha kuruka.

Tulikimbia kwenye kituo cha afya, Furaha peku, mimi nyuma yake na beseni mkononi, sijui kwa nini nilibeba beseni. Muuguzi alimpokea mtoto akaingia naye ndani. Alipotoka alimrudisha amefungwa vizuri kuliko tulivyomleta, na kwa kufungwa vile tukajua. Mimi nikaenda nyuma ya ukuta nikatapika mpaka nyongo, kichwa kinazunguka, moyo unadunda kama mtu anagonga mlango. Watu walisema, mwacheni, ni uchungu. Haukuwa uchungu. Mikono yangu nayo ilikuwa imepakwa mafuta yale yale asubuhi hiyo.

Naandika haya sasa kwa sababu Furaha amekufa. Habari ilikuja mwanzoni mwa mwaka huu kutoka Msumbiji, alikokuwa anauza mihogo, sauti tu ya jirani yake kwenye simu. Hapa Dzaleka tulikaa matanga, wachache tuliobaki, na nikamwendea binti yake Deborah, ambaye mwaka ule alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni na leo ni mwanamke mwenye tumbo kubwa, anakaribia kujifungua. Nilimkuta anapepeta mchele. Nikamwambia, "Binti, mama yako tumempoteza." Hakuacha kupepeta. "Mama Nabintu," akaniambia, "ule aliua ndugu yangu. Mi sina mama wa kulilia." Mume wake akamsihi, akamkumbusha kwamba kwetu mtoto wa kike wa kwanza hubeba jina la bibi yake, na bibi sasa ameondoka. Deborah akaapa kwa Mungu kwamba jina la Furaha halitaitwa ndani ya nyumba yake. Mi shule niliacha darasa la nne kule Bukavu, kwa hiyo anayetaka maneno yaliyopigwa pasi atafute kwingine. Lakini nilikuwepo. Nilikuwepo toka siku ya kwanza mpaka ya mwisho, na walioua mtoto yule nawajua kwa majina, na hakuna kati yao aliyeitwa Furaha.

Wa kwanza ni Kapita Zihindula. Huyu ni mtu wa kwetu Bukavu, mwalimu zamani, shemasi, mtu wa tai hata siku ya jua kali. Mwaka ule alisimama baada ya ibada, akatuita sisi wanawake tusio na kazi, akasema Mungu ametukumbuka: kuna kazi Kanengo, kwenye viwanda vya Lilongwe, si ya kubeba magunia ya tumbaku bali kazi safi, ya kisasa, ya kuokoa mazingira. Mama Riziki, ambaye hakuwahi kumwogopa mtu mwenye tai, akamwuliza mbele ya wote, "Papa Kapita, tangu lini bakimbizi banapewa kazi safi?" Watu wakacheka. Kapita naye akacheka, akasema, "Mama, we utakuja kwanza, njo utaona." Na kweli alikuja kwanza, kwa sababu alikuwa na watoto na njaa haina ubishi. Hatukuwa na ruhusa ya kufanya kazi Lilongwe. Kila mkimbizi anajua hilo, na Kapita alijua kuliko sisi. Ndiyo maana alitutafuta sisi na siyo wanawake wa Kanengo wenyewe, ambao wangeweza kwenda kulalamika mahali.

Jumatatu mpaka Ijumaa tulilala Nsungwi, mtaa wa karibu na kiwanda, chumba kimoja, dirisha limezibwa kwa gunia la mbolea. Nakikumbuka chumba kile kuliko nyumba niliyozaliwa. Mikeka imebanana ukuta hadi ukuta, kamba ya nguo juu ya vichwa, na katika kona Furaha akipika. Alikuwa Mrundi, mtu wa Ruyigi, mwenye maneno machache na mkono wa ajabu kwenye maharage. Wamalawi wa jirani walikuwa wakipitisha shingo mlangoni kuuliza leo amai, yaani mama, wa Burundi amepika nini. Tulikula nsima, ugali wa huku, na usipa, dagaa wa ziwani, na yale maharage kwenye sinia moja, na ni kwenye sinia ile nilipoanza kusikia jambo. Ukipeleka tonge mdomoni, kabla ya ladha ya chakula, ilikuja ladha nyingine, chungu, inayokausha ulimi. Tulinawa kwa sabuni ya mche, tukasugua kwa majivu, tukanawa tena. Ladha ilibaki. "Tumbaku," akasema Furaha akinusa vidole vyake. "Imeingia ndani." Tukamwambia, kula, mwanamke, una mtoto tumboni. Akala.

Kiwanda chenyewe kilikuwa ghala la zamani, nyuma ya mahali wanapouzia tumbaku. Huku Malawi mkulima akishachuma majani, bua la tumbaku hubaki shambani halina faida, wanaling'oa na kulichoma. Bwana Hendrik, mwenye kiwanda, ambaye ni wa pili katika orodha yangu ya kichwani, alikuja kutoka kwao na fikra kwamba bua lile ni mali. Wa tatu, Dokta Mbewe, ndiye alijua jinsi. Alituelezea siku ya kwanza, kwa Kichewa, Kapita akitafsiri: ndani ya kila bua kuna nyuzi, na kuna gundi inayoshika nyuzi. Ukiweza kuitoa gundi bila kuiharibu, unapata vitu viwili: nyuzi za kutengeneza karatasi, na gundi ya kushikia mbao, na katika gundi hiyo viwanda vikubwa hutoa rangi, manukato, hata dawa. Zamani, alisema, watu walitoa gundi kwa maji makali yanayounguza mapafu na kuua mito. Hapa tutatumia maji ya kijani, yasiyodhuru mazingira. Mama Riziki akaninong'oneza, "Kijani iko wapi? Mi naona pipa la mafuta." Na kweli yalikuwa mazito, meupe, yanavutika kama asali. Dokta akatuonyesha jinsi yanavyopikwa: glisirini, ile ile tunayonunua dukani kupaka ngozi, ikachanganywa na chumvi inayotoka kwenye majivu, jamaa ya ile ambayo Wamalawi wanaita chidulo na kupikia bamia. Ikapashwa moto taratibu mpaka vikawa kitu kimoja. "Kuna nini hapa cha kuogopa?" akauliza. "Hiki ni kitu cha jikoni na kitu cha kabati la mama." Akachovya kidole, akalamba, akatabasamu. Wanawake wakapiga makofi. Siwezi kusema alidanganya siku ile. Siku ile yalikuwa mapya.

Sikumwona tena akilamba. Kesho yake alikuja na glavu za bluu hadi viwiko, na toka hapo hakuzivua. Sisi tulipewa aproni na mwiko. Mabua yalisagwa kwenye chigayo, mashine ya kusagia mahindi, mpaka yakawa unga wa kahawia, vumbi lake likikaa kwenye kope. Tukaumwaga unga kwenye masufuria makubwa yenye yale maji ya moto, tukakoroga kama mtu anayesonga nsima ya harusi. Baadaye tulichota ule uji, tukautia kwenye magunia na kukamua. Kukamua ndiyo ilikuwa kazi yetu hasa, kwa sababu mashine ya kukamua ilikuwa njiani kutoka nje, na ilibaki njiani mwaka mzima. Tulikamua kwa mikono mitupu, wawili wawili, kila mmoja akizungusha upande wake wa gunia, yale maji yakitiririka mpaka kwapani. Siku moja Mama Riziki akauliza, "Papa Kapita, na sisi zile glavu?" Kapita akajibu kwamba Dokta ni mtu wa masomo, anaogopa kuchafua mikono. "Na zaidi," akasema, "nyinyi banamke mnalipa pesa dukani kwa glisirini, hapa mnaoga bure, bado munalalamika?" Tukacheka. Alikuwa na mdomo mtamu, yule mtu. Hata leo anao.

Kisha tukaanza kutapika. Mmoja asubuhi, wawili mchana, kizunguzungu, jasho la baridi, usingizi ukikataa. Jumapili tukiwa Dzaleka inapungua, Jumatatu inarudi. Mama Riziki akalifanya mchezo. Akiona mtu anakimbilia nje ameshika mdomo, anapaza sauti: "Kapita! Na huyu pia? Utaoa wote, ama utakimbia?" Kapita anajibu, "Shemasi ana mke mmoja tu!" na ghala zima linapasuka. Furaha peke yake ndiye alikuwa na mimba ya kweli, na yeye alitapika kuliko wote, na kwa sababu alikuwa na sababu, hakuna aliyemtazama mara mbili. Nikikumbuka kicheko kile leo nywele zinanisimama. Tulikuwa tunachekea kitu kilichokuwa kinatuambia waziwazi.

Ukweli ni huu, na nimeuelewa polepole, kwa kuuliza wauguzi na watu wa mashamba miaka mingi baadaye. Yale maji hayakuwa sumu. Kazi yake ilikuwa kuvuta, na Dokta aliyasifu kwa hilo: yanavuta gundi kutoka kwenye bua. Lakini bua la tumbaku ni tumbaku. Lina ule ukali unaofanya mvutaji asiweze kuacha, na ukali huo hauhitaji moshi, unapita kwenye ngozi, na ukiwa mwingi unasimamisha moyo. Maji yaliyovuta gundi yalivuta na ukali. Gundi ikizama chini tuliichota. Maji yakachemshwa kupunguza, wakaongeza chumvi ya majivu, yakarudi sufuriani kukutana na mabua mengine, na ukali ukabaki humo humo, wa leo juu ya wa jana. Kuyazungusha tena na tena ndiko kulikuwa fahari yao mbele ya wageni: hatutupi hata tone. Nilimsikia Dokta kwa masikio yangu, nikiwa nafagia nyuma ya mapipa, akimwambia Bwana Hendrik kitu kwa Kiingereza kwa sauti ya chini, akionyesha pipa moja, akatikisa kichwa. Kiingereza changu ni cha sokoni. Lakini jibu la Bwana Hendrik nililijua, kwa sababu ndilo neno alilotupigia kelele kila siku: tena. Akamgonga Dokta begani. Tena, tena. Na Dokta akaenda akafungua bomba.

Baridi ilipoingia, mikono yetu ikapasuka, visigino vikafunguka kama ardhi ya mwezi wa kumi. Ijumaa moja Kapita akatupanga mstari. Alikuwa amepitisha mapipa ya zamani kwenye makaa yaliyopondwa, yale maji yakatoka na rangi ya chai hafifu, hata harufu imepungua. "Bwana Hendrik amewakumbuka," akasema. "Glisirini safi, ya ngozi. Kila mmoja alete chupa." Mapipa mapya yalikuwa yanakuja na ya zamani yalihitaji kuondoka, hilo ndilo lililokuwa nyuma ya ukarimu, lakini sisi tulifurahi kama watoto. Glisirini na maji ya limau, nani mwanamke wa Bukavu asiyejua? Usiku wa baridi unapaka, asubuhi unaamka na ngozi ya binti. Nilipokamua limau kwenye chupa yangu, povu likapanda mpaka shingoni, fsss, likamwagika. Glisirini ya dukani haifanyi hivyo. Nikampelekea Kapita, nikamwambia, "Papa, tazama, inachemka." Akaangalia, akasema, "Njo alama ya dawa ya kweli. Ile ya dukani imekufa." Tukapaka. Iliwasha kidogo, kisha ikalainisha. Kizunguzungu kikatufuata hadi Dzaleka, hadi Jumapili, kanisani, na tukasema ni uchovu.

Furaha hakuwa nasi siku ya kugawa. Alikuwa amerudi kambini kujifungua. Sasa, kwetu huendi kumwona mzazi mikono mitupu, na zawadi ya kwanza ni sabuni na mafuta, kwa sababu mtoto mchanga ni wa kupakwa. Tulikuwa hatuna kitu. Mama Riziki ndiye akasema, kila mmoja apunguze chupa yake, tujaze moja nzuri, ya kioo, tufunge na utepe. Tukapunguza. Jumamosi ile ya kumwona mzazi, Furaha alipoiona chupa ile imejaa hadi juu alilia, akasema katika nchi hii hakuna aliyewahi kumpa kitu kamili. Nitasimama hapa kidogo, kwa sababu kuna mtu atasoma na kusema: basi ni nyinyi. Hapana. Mtu aliyepewa mkate wenye sumu akaugawa kwa mgonjwa siye aliyetia sumu. Nimechoka na watu wanaotafuta hatia kwenye mikono ya wanawake kwa sababu mikono ya wanawake ndiyo iko karibu.

Kapita alifika kwenye msiba siku ya pili, na tai nyeusi. Aliomba vizuri, watu wakalia. Baada ya sala akazunguka kwetu mmoja mmoja, kimya kimya, akisema kampuni inabadilisha zile chupa, italeta zilizo bora, kwa hiyo tumpe za zamani. Alikuwa na mfuko wa gunia. Akaingia ndani kwa Furaha, ambaye alikuwa amekaa chini hata hajui nani anaingia, akaichukua ile ya kioo pamoja na utepe wake. Nilimwona. Kisha akatoka nje, kwa wanaume, ambako Bosco, mume wa Furaha, alikuwa ameinamisha kichwa, na nikasikia neno alilolipanda pale: "Mtoto mzima, bila homa, bila kuhara? Ndugu yangu, hii si ugonjwa. Karuho iko hapa." Karuho, kwa asiyejua, ni sumu ya watu wa kwetu, ile ya wivu na uchawi, inayowekwa kwa mkono. Ukilisema neno hilo kati ya Wakongomani, halihitaji maji ili liote. Kwanza wakamtazama jirani. Kisha mtu akasema, lakini nani alimgusa mtoto mwisho? Nani alimpaka? Na yule ni Mrundi, tunajuaje kwao walimfundisha nini? Haukupita muda Bosco akatupa mikeka ya Furaha barabarani, akabaki na Deborah. Furaha alisimama nje na kitambaa cha kichwa mkononi, akarudia neno moja kwa Kirundi, "Sinabikoze, sinabikoze," sikufanya, sikufanya, na batoto ba jirani wakamwigiza.

Mi nilirudi Kanengo, nilikuwa na tumbo la kulisha. Na ndivyo nilivyokuwa Area 47, mtaa wa wenye pesa Lilongwe, siku ya wageni. Bwana Hendrik alikuwa na nyumba kule, ukuta mrefu, maua mekundu juu yake, na kulikuwa na sherehe ya mchana kwa watu waliokuja kutoka mbali kutazama maajabu ya mabua. Kapita alinichagua nipike chapati kwa sababu za kwangu hazipasuki. Jikoni kwao palikuwa na mlango wa nyuma unaotazama bustani, na katika bustani kulikuwa na matuta ya kabichi, na mzee mmoja Mmalawi mwenye pampu mgongoni, amejifunga kitambaa puani, amevaa glavu za mpira na buti katika joto lile. Nilimpelekea maji ya kunywa. Chini, karibu na miguu yake, kulikuwa na dumu, na rangi ya kilichomo niliijua kabla sijainama. Rangi ya chai hafifu. Nikanyoosha mkono. "Osakhudza!" akanipigia kelele, usiguse. Nikamwuliza ni nini. Akasema ni dawa ya Dokta, inatoka kiwandani, kijiko kwenye ndoo nzima ya maji, na wadudu wa kabichi wanaanguka kama mchanga. Akanionyesha majani, na chini yake udongo mweusi kwa wadudu. "Dokta ameniambia nikimwagikiwa nivue nguo palepale na nioge," akasema. "Ina maana hawajawaambia nyinyi, amai, mnaofanya kazi kule?"

Nilirudi jikoni, nikasimama mbele ya kikaango. Chapati iliungua, ya kwanza maishani mwangu. Dokta Mbewe na Kapita waliingia kuchukua vinywaji, wakasema Kichewa mbele yangu, kwa sababu waliamini mwanamke wa Kongo kichwa chake kimejaa Kongo tu. Dokta akauliza kama chupa zote zimerudi. Kapita akasema zote. "Na ile ya kichanga?" "Ile niliichukua mwenyewe, Dokta. Usiwe na wasi." Dokta akashusha pumzi, akafungua friji. Nikazima moto. Nikamwambia kwa Kichewa chake, "Dokta, kijiko kwenye ndoo kinaua wadudu. Mtoto alipakwa mwili mzima. Mliua mtoto wa Furaha." Nitakumbuka uso wake mpaka nife. Haukushangaa. Ulichoka tu, kama wa mtu aliyeitwa kazini siku ya mapumziko. Akasema, "Amai, yale maji ni ya kijani. Yameandikwa hivyo, yamepimwa hivyo. Kilichotokea kule kwenu kambini, na desturi zenu, mi sikijui." Kapita akafunga mlango wa ukumbini ili wageni wasisikie, akaniambia kwa lugha yetu, taratibu, kama mtu anayemtuliza mbuzi: "Nabintu, dada yangu. We uko Lilongwe na karatasi gani? Nani atakuuliza habari ya mtoto, kabla ya kukuuliza hiyo?" Kutoka ukumbini nilisikia wageni wakipiga makofi. Bwana Hendrik alikuwa anawaonyesha unga wa gundi kwenye chupa ndogo ya kioo.

Nilimtafuta Furaha kumwambia. Alikuwa ameshavuka mpaka. Nilimwambia Bosco, akasema mwanamke hutetea mwanamke. Mama Riziki alisimama upande wangu mbele ya viongozi wa kambi, akaapa, akalia, wakatuuliza chupa iko wapi, hatukuwa nayo. Mwaka uliofuata ghala lilifungwa, likauzwa kwa mtu wa mbegu. Bwana Hendrik alirudi kwao. Dokta Mbewe nasikia anafundisha vijana, na maji yake ya kijani. Huenda ni kazi nzuri, sina ugomvi na elimu; bua kugeuka gundi nililiona kwa macho na lilikuwa jambo la kustaajabisha. Ugomvi wangu ni na mtu aliyejua kilichobaki ndani ya pipa, akavaa glavu, akaacha wengine wapewe kujipaka. Bosco amekufa bila kujua. Mama Riziki alipelekwa nchi ya mbali pamoja na watoto wake, na anayeweza kusema hapa ni mimi, na mimi Deborah hanisikii. Ananiheshimu, ananipa kiti, ananipa chai, hanisikii. Ananiambia, nimelelewa na neno karuho tangu nina meno ya utoto, leo mnaniletea habari za mapipa?

Atasikia kutoka kwa mmoja tu. Kapita Zihindula, unakaa hapa hapa Dzaleka, nyumba yako ina saruji, Jumapili iliyopita ulisoma zaburi na sauti yako haikutetemeka. Uliwahi kumbeba Deborah begani sokoni, anakuita baba mkubwa. Tumbo lake limeshuka, wakunga wanasema haitachelewa. Sikuulizi kwa Mungu, hayo ni yenu wawili. Sikupeleki kwa polisi, wameshatufundisha polisi ni wa nani. Nakuambia uvae viatu vyako, uende mpaka mlangoni kwa yule binti kabla mtoto hajapewa jina, mchana, watu wakiona, umwambie ni nani alijaza chupa, nani alijua, na nani alitamka karuho kwenye msiba wa mtoto ambaye kifo chake alikuwa amekibeba kwenye gunia. Mi nitakuwa nimekaa pale pale kwenye kibaraza chake. Nitakuja kila siku. Nenda ukaseme, Zihindula.